Kuchepuka Hadi Matema, Ziwa Nyasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya anayesafiri na gari lake kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya–Tunduma, au anayeelekea Malawi kupitia Kasumulu, na anajiuliza kama inafaa kukata kona hadi ziwani. Majibu ni ya Matema na vitongoji vya jirani yake, si ya Ziwa Nyasa zima.

Matema iko wapi hasa?

Wilaya ya Kyela, mkoa wa Mbeya, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone imeshuka mpaka majini, upande wa magharibi ni tambarare ya mpunga, migomba na kakao. Kati ya hivyo viwili kuna ufuo mrefu wa mchanga, miembe mikubwa, mitumbwi iliyovutwa nchi kavu, kanisa, hospitali ya misheni na maduka machache. Anayetafuta muziki wa usiku na mabwawa ya kuogelea atachoka mapema.

Kutoka barabara kuu ni mbali kiasi gani?

Hesabu kama kilomita 150 kutoka Uyole, njia panda iliyo mashariki kidogo mwa Mbeya mjini. Uyole hadi Tukuyu ni kama 60, Tukuyu hadi Kikusya ni karibu 50, na kutoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema ni 39. Njia yote ni lami.

Kilomita 150 hizo si za saa mbili. Jipe saa tatu na nusu hadi nne. Kuna kupanda, ukungu, malori ya Malawi, na vijiji vilivyofuatana vyenye vibao vya 50. Askari wa tochi wanaijua njia hii vizuri, na kosa moja la mwendo ni faini ya shilingi 30,000.

Ukifika Uyole baada ya saa 8 mchana, lala Mbeya au Tukuyu. Barabara ya Ipinda usiku ina watembea kwa miguu, baiskeli zisizo na taa na ng'ombe wanaorudi nyumbani.

Nisimulie njia yenyewe, hatua kwa hatua.

Uyole unaiacha barabara kuu na kushika ya Tukuyu. Unaanza kupanda mara moja. Maeneo ya Isyonje, inapochepukia njia ya Kitulo na Makete, ndiko juu kabisa, na ndiko ukungu unakaa asubuhi na jioni hata kiangazi. Washa taa za chini, si za juu: taa za juu zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Usilipite lori hapo hata kama dereva wake amekuwashia indiketa ya kukuruhusu.

Baada ya hapo ni Kiwira, kisha Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg. Hapa kuna kila kitu: mafuta, mashine za kutolea fedha, maduka ya dawa, maparachichi na maziwa. Mlima Rungwe, wenye karibu mita 2,960, uko kushoto kwako kabla ya mji, kama mawingu yataruhusu.

Kutoka Tukuyu unashuka. Mashamba ya chai yanaisha, migomba inazidi, joto linaingia garini. Karibu na Kyela unafika Kikusya, na hapo unakata kushoto kwenda Ipinda na Matema. Ukiona umeingia Kyela mjini au unakaribia Kasumulu mpakani, umeikosa kona.

Kwenye ramani kuna njia fupi ya Tukuyu–Masoko–Ipinda. Niifuate?

Kiangazi, ukiwa na gari lililoinuka, ndiyo. Inapita Masoko penye ziwa dogo la kreta liitwalo Kisiba na ni njia nzuri kwa macho. Lakini si ya lami yote, na udongo wake ukilowa unateleza kama sabuni. Kwenye simu utaona kilomita chache. Dereva wa gari dogo atazilipia kwa bampa. Masika usijaribu kabisa.

Breki zangu zilinuka niliposhuka kutoka Tukuyu. Kuna tatizo gani?

Kuna tatizo la udereva zaidi kuliko la gari. Kati ya Tukuyu na ziwa unapoteza karibu mita 1,000 za mwinuko, maana ziwa lenyewe liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Anayekanyaga breki mfululizo anapasha moto pedi na diski mpaka pedi zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki yaliyozeeka yamenyonya unyevu, kwa hiyo yanachemka mapema, mapovu yanaingia kwenye mirija, na pedeli inazama mpaka chini bila gari kusimama.

Kanuni ya madereva wa malori ni kushuka kwa gia ambayo ungepandia. Gari la manyuali, shika ya tatu, kwenye mteremko mkali ya pili. Otomatiki za Toyota, zima O/D kwa kile kitufe cha kwenye gia, na pakizidi weka 2 au L. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, punguza mwendo, achia kabisa zipoe, kisha rudia. Mguu usilale juu ya pedeli.

Zikishanuka, simama mahali tambarare, zima gari, weka P au gia ya kwanza, tia jiwe nyuma ya tairi, subiri dakika 20 hadi 30. Usivute breki ya mkono kwa nguvu zikiwa za moto, na usimwagie maji: diski hupinda, na ukishaondoka utasikia usukani unatetemeka kila unapofunga breki.

Gari dogo litafika?

Litafika. Vitz na IST zinafika kila wiki. Tatizo ni mita mia za mwisho, kwa sababu baadhi ya malazi na sehemu za kuegesha ziko kwenye mchanga laini. Egesha penye majani au udongo mgumu, hata kama utatembea kidogo. Usiegeshe chini ya mwembe kuanzia Novemba. Embe moja kutoka juu linatosha kuvunja kioo.

Ukikwama, kosa la kwanza la kila mtu ni kukanyaga mafuta. Tairi inachimba, gari linakaa kwa tumbo, na sasa unahitaji watu kumi badala ya watatu. Simama mara tairi inapozunguka bure. Fukua mchanga mbele na nyuma ya tairi zinazovuta, punguza upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi 18 au 20, weka mbao, matawi ya mnazi au zulia za gari chini ya tairi, kisha rudi nyuma kwenye njia uliyojia, taratibu, usukani umenyooka. Ukishatoka, jaza upepo kabla ya kurudi lami, kwa sababu tairi laini kwenye lami yenye joto linapasuka. Kwa hiyo pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari isikose.

Mafuta na pesa?

Jaza Tukuyu. Ukipitiwa, ingia Kyela mjini kabla ya kushika njia ya Ipinda. Mafuta ya kwenye chupa yapo vijijini lakini ni ya bodaboda. Kwa gari lenye nozeli za kisasa ni bahati nasibu.

Pesa taslimu toa Tukuyu au Kyela. Kijijini malipo ni fedha mkononi au pesa ya simu, na wakala anaweza kuishiwa salio la kukutolea kiasi kikubwa, hasa mwisho wa juma. Beba noti ndogo: mwenye mtumbwi hana chenji ya elfu kumi saa 12 asubuhi.

Ni miezi gani ya kwenda?

Juni hadi Oktoba ni kukavu. Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Machi hadi Mei ndiyo kilele: mito inafurika, mbu wanazidi, na ziwa linapanda kiasi cha kula sehemu ya ufuo. Ziwa linafika juu kabisa karibu na Mei na kushuka chini Novemba–Desemba. Picha za ufuo mpana unazoziona mtandaoni nyingi ni za miezi hiyo ya mwisho.

Ila kiangazi nacho kina upepo wake. Mwera, upepo wa kusini-mashariki, unavuma kwa nguvu hasa Mei hadi Agosti. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko mwisho kabisa wa kaskazini, kwa hiyo wimbi limesafiri ziwa zima kabla ya kukufikia. Mgeni aliyezoea kusikia "ziwa" akifikiria bwawa hushangaa kukuta mawimbi ya kubeba mtu. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuchagua: pakavu, mwera umepungua, maji ni maangavu.

Usiku mmoja unatosha?

Hautoshi, na hili ndilo kosa linalofanya watu waseme Matema haina kitu. Anayelala usiku mmoja anafika alasiri, upepo umeanza na maji yamechafuka, anakula, analala, anaondoka asubuhi kuwahi barabara. Saa nzuri za Matema ni alfajiri mpaka kama saa 4, ziwa likiwa limetulia na wavuvi wanarudi. Yeye saa hizo yuko Ipinda anatafuta chai. Lala usiku mbili, au usitoke barabara kuu.

Na kama unaweza kuchagua siku, fika Ijumaa.

Kwa nini Ijumaa?

Kwa sababu ya soko la vyungu. Jumamosi asubuhi Lyulilo, kitongoji kilicho mwendo mfupi wa miguu mashariki mwa Matema kwa kufuata ufuo, kuna mnada wa vyungu vya Wakisi, kabila la ufuo huu. Wanatoka Ikombe na vijiji vingine vya chini ya milima, ambako ardhi ya kulima ni haba na udongo wa kufinyangia ni mzuri. Wafinyanzi ni wanawake, na hawatumii gurudumu: chungu kinainuliwa kwa mkono, kinasuguliwa kwa kokoto mpaka king'ae, kisha kinachomwa moto wa wazi. Vyungu huletwa kwa mitumbwi, vimepangwa mpaka juu kiasi kwamba kwa mbali huoni mpiga kasia, unaona vyungu vinatembea juu ya maji.

Fika mapema. Kufikia saa 5 wachuuzi wa jumla wameshafunga mizigo yao.

Nichague vipi chungu, na kitafikaje Dar kizima?

Kishike mdomoni kwa vidole viwili, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima kinalia kama kengele. Chenye ufa kinajibu "tuk" butu, hata kama ufa hauonekani. Kisha kielekeze juani utazame kwa ndani. Alama nyeusi za moto si kasoro. Nundu iliyobanduka kama ganda ni kasoro, maana maji yatapita hapo.

Kwa safari, omba majani makavu ya migomba. Jaza ndani ya chungu, funga nje tabaka mbili, kamba juu. Tengeneza ngata ya kitambaa au majani, kiketi juu yake kwenye sakafu ya gari nyuma ya kiti cha mbele. Vinavyovunjika ni vile vinavyowekwa kwenye buti juu ya spea: kila tuta la barabarani, chuma kinagonga kitako. Kubwa likae chini na dogo juu ni busara ya mizigo mingine. Kwa vyungu kila kimoja kikae peke yake.

Nyumbani usikibandike kikavu. Kiloweke usiku kucha, kijaze uji mwepesi au maji ya kuoshea mchele, chemsha kwa moto mdogo wa mkaa, kiache kipoe chenyewe. Uji unaziba vitundu. Jiko la gesi likiwashwa kwa nguvu hupasua kitako siku ya kwanza.

Ikombe kunafikikaje?

Kwa mtumbwi, boti yenye injini, au kwa miguu kwenye njia ya pembeni mwa mlima. Gari halifiki. Nenda asubuhi na urudi kabla ya upepo wa alasiri. Kubalianeni bei ya kwenda na kurudi pamoja na muda wa kukusubiri, kabla hujapanda. Uliza maboya ya kuvaa, na kama hayapo na wewe hujui kuogelea, tembea. Njiani majini kuna miamba, na hapo ndipo samaki wadogo wa bluu na njano wanaoitwa mbuna wanakaa; miwani ya kuogelea ya bei rahisi inatosha kuwaona.

Kuogelea ni salama? Mamba? Kichocho?

Hakuna mwokoaji ufuoni. Upande wa mchanga kina kinaongezeka taratibu. Upande wa milima unaporomoka ghafla, maana hili ni ziwa la bonde la ufa na kina chake cha juu kabisa ni karibu mita 700. Watoto wabaki mchangani.

Mamba wapo, hasa kwenye midomo ya mito kama Lufilyo na penye matete. Waulize wavuvi siku hiyohiyo, si mwenye hoteli wa mwaka jana. Wanapoogea wenyeji na watoto wao, oga hapo. Wasipoingia, wana sababu.

Kichocho ni suala la kweli katika Ziwa Nyasa. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo maji ya wazi yenye mawimbi yana hatari ndogo kuliko vidimbwi na matete, lakini hayana uhakika. Jifute kwa taulo mara utokapo. Kapime wiki 6 hadi 8 baadaye, hata kama huumwi, kwa sababu kupima wiki ya kwanza hakuoneshi kitu. Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake kinatokana na uzito wako, kwa hiyo mwachie daktari.

Malaria?

Iko juu. Anayetoka Nairobi, Arusha au Njombe asijilinganishe na mwenyeji wa Kyela. Lala ndani ya neti, vaa mikono mirefu kuanzia saa 12 jioni, zungumza na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Homa yoyote, hata wiki mbili baada ya kurudi, ni ya kupima siku hiyo na kumwambia mhudumu ulikuwa ziwani. Hospitali ya Kilutheri ya Matema iko hapohapo kijijini. Kwa makubwa zaidi ni Kyela, kisha Mbeya.

Ule moshi mweusi unaosimama juu ya ziwa ni nini?

Si moshi. Ni wadudu wadogo wa ziwa, mamilioni, wanaotoka majini kwa pamoja na kupanda kama nguzo. Hawaumi. Upepo ukiwaleta nchi kavu, zima taa za nje, funga madirisha, na usifungue mdomo ovyo. Pande nyingi za ziwa hili watu huwakusanya, huwaponda na kutengeneza vitumbua vyeusi vya kuliwa. Vina ladha kama ya dagaa.

Tutakula nini, na wapi?

Wali wa Kyela, samaki, ndizi. Mbasa akipatikana, mchukue wa kuchoma na usimharibu kwa viungo vingi. Usipa, dagaa wa ziwa hili, wanavuliwa usiku kwa taa, na asubuhi utawakuta wametandazwa kwenye mchanga na vichanja.

Jikoni hawapiki mpaka uagize. Sema saa 6 mchana unachotaka kula saa 1 usiku, na ulipe sehemu ya kununulia samaki. Anayekaa mezani saa 2 usiku na kuomba menyu atakula chipsi mayai, kama mayai yapo.

Mchele nunua mashineni Ipinda au Kyela, si kando ya barabara kuu ambako kila mchele unaitwa wa Kyela. Sugua kiganjani, pumulia, nusa: harufu ije bila kutafutwa. Mavuno mapya yanaingia kuanzia Mei. Kakao utaiona imeanikwa kila uwanja, na harufu yake ya kuchachuka ni ya kawaida. Usikubali kuuziwa na mtoto njiani, maana zao hilo linauzwa kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani.

Malazi yakoje?

Yapo ya kituo cha Kanisa la Kilutheri, ya binafsi ya ufuoni, na gesti za kijijini. Piga simu kabla, hasa Krismasi, Pasaka na likizo za shule. Uliza mambo matatu: neti ina matundu, maji yanatoka muda gani, na umeme ukikatika kuna nini. Kwa hema, kaa ndani ya eneo la malazi. Ukitaka pembeni, anza na mwenyekiti wa kitongoji.

Adabu za hapa?

Salamu kwanza, shida baadaye. Shikamoo kwa wakubwa haina mbadala, na ukiongeza "ndaga" ya kushukuru kwa Kinyakyusa utaona sura inabadilika. "Ndaga fijo" ni asante sana. Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Usipige picha wanaooga au wafinyanzi bila kuomba. Jumapili asubuhi kijiji kiko kanisani.

Beba kitambulisho kila mahali. Mpaka uko karibu, na maofisa wa uhamiaji kuuliza barabarani ni kawaida.

Sina gari. Nitafika?

Ndiyo. Mbeya, kituo cha Nane Nane, panda basi dogo la Kyela, shuka Kikusya au Kyela, chukua Noah au Hiace ya Ipinda na Matema. Magari ya mwisho huondoka mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo uwe Kyela kabla ya saa 9 alasiri. Meli ya abiria ya MV Mbeya II nayo hupita pwani hii kuelekea Mbamba Bay, lakini ratiba hubadilika. Thibitisha bandarini, usipange likizo juu yake.

Tunatoka Kenya kwa gari letu kuelekea Malawi. Matema inaingia kwenye ratiba?

Vizuri kabisa, kwa sababu Kikusya haiko mbali na njia ya Kasumulu. Hakikisha bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inataja Tanzania na Malawi, na kwamba siku za kibali cha gari mlichopewa mpakani zinatosha kulala ziwani. Pembetatu mbili na kizimamoto ambacho hakijaisha muda viwe garini. Vitaulizwa zaidi ya mara moja.

Tuondoke saa ngapi kurudi?

Saa 1 asubuhi. Mapema zaidi utaukuta ukungu wa Isyonje bado haujanyanyuka; kwa saa hiyo unapita hapo kama saa 4, ukiwa umeshakunywa chai Tukuyu. Usipange kulala Dar siku hiyo. Iringa inafikika kabla ya giza, Makambako bila haraka.